Picha chache, boti moja na miguu ya bibi: siku ya familia London

Kila likizo ndefu inapokaribia, maswali yanayofanana huingia kwenye simu yangu kutoka kwa wasomaji wa ukurasa huu. Mmoja anakwenda London kumwona binti yake aliyejifungua. Mwingine anamsindikiza mama yake kwa kaka aliyehamia huko siku nyingi. Wanauliza: tukishapumzika uchovu wa ndege, tutawapeleka wapi watoto pamoja na mzee, mahali ambapo hapatatumalizia pesa? Swali la pili ndilo linalonihusu zaidi mimi ninayeandika habari za afya: mama ana kisukari na presha, miguu inamvimba, je, ataiweza mizunguko?

Ataiweza, kama siku itapangwa kwa kufuata mwili wake. Leo nawapa mfano wa siku moja niliyoipanga mwenyewe: majumba mawili ya sanaa yanayoitwa Tate, yote yako kando ya mto Thames, na boti ya abiria inayowapeleka kutoka moja hadi jingine. Kuangalia mkusanyiko wa kudumu wa majumba yote mawili ni bure. Unalipia nauli ya boti na chakula. Mwongoza wageni hahitajiki, mnajiongoza wenyewe.

Tulikuwa watano

Nilikuwa London kwa kozi fupi. Bibi yangu, mzaa mama, mwenye umri wa miaka 76, alikuwa amefika kutoka Tanga siku nne kabla. Wengine walikuwa mkaza mjomba na wanawe wawili, wa kiume miaka 11 na wa kike miaka 6.

Mjomba mwenyewe hakuwepo. Alifariki London kwa Uviko-19 mwezi wa nne mwaka 2020, ndege zikiwa zimesimama. Bibi aliyaona maziko ya mwanawe kwenye kioo cha simu, akiwa amekaa kwenye mkeka barazani kwake. Hii ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kuja kuwaona wajukuu.

Kulikuwa na tatizo ambalo familia nyingi zenye watoto waliozaliwa ughaibuni mnalijua. Bibi hajui Kiingereza. Kiswahili cha wajukuu kilikuwa cha kusalimia na kuombea maji. Siku nne walikuwa wamekaa sebuleni wakitabasamiana. Mkaza mjomba akaniambia, "Wewe mwandishi wa afya, tupangie siku. Mama asiumie miguu, na hawa wazungumze naye."

Kwa nini makumbusho yanachosha kuliko soko

Bibi anaweza kuzunguka soko zima la Mgandini na kurudi na kapu. Lakini nusu saa tu kwenye jumba la makumbusho humtosha mtu, hata kijana. Jambo hili lilishaandikwa zamani. Mwaka 1916 Mmarekani Benjamin Ives Gilman, aliyefanya kazi katika jumba la sanaa la Boston, alichapisha makala kuhusu uchovu wa makumbusho, pamoja na picha za mtu akiinama, akichuchumaa na kunyoosha shingo ili aone vitu vilivyopangwa kabatini.

Sababu mojawapo iko miguuni. Ukitembea kwa mwendo wa kawaida, misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, hukaza na kulegea, na kila inapokaza husukuma damu irudi juu kwenye moyo. Kwenye makumbusho hutembei hivyo. Unapiga hatua mbili, unasimama, unapiga tatu, unasimama tena. Damu inatuama chini, vifundo vinavimba, kiuno kinaanza kulalamika. Kwa aliyetoka kwenye ndege siku chache zilizopita, miguu yenyewe ilishachoka kabla hajafika.

Mwenye kisukari cha muda mrefu ana hatari nyingine. Anaweza kuwa na ganzi nyayoni, na kiatu kikimchubua asihisi mpaka jeraha liwe limeingia.

Kwa hiyo niliweka kanuni tatu. Jumba la kwanza tusizidishe saa moja na robo. Tuangalie kazi chache tulizozichagua, zisizozidi tano kwa siku nzima. Na katikati ya siku kuwe na kiti kirefu kinachosogea chenyewe, yaani boti.

Maandalizi ya usiku wa kuamkia

Tovuti ya Tate ina ukurasa kwa kila kazi ya sanaa iliyomo kwenye mkusanyiko wao, na ukurasa huo unaeleza kama kazi hiyo iko ukutani kwa sasa na iko jumba gani. Usiruke hatua hii, kwa sababu kazi huhamishwa, hupumzishwa ghalani au huazimwa na majumba mengine. Ukimwahidi mtoto picha ambayo haipo, umeianza siku vibaya.

Kila mtoto alichagua picha moja kwenye simu. Sharti lilikuwa kwamba yeye ndiye atakuwa mwongozaji wa bibi kwenye picha hiyo, na atamweleza kwa Kiswahili. Neno likimkwama, anaruhusiwa kumuuliza bibi mwenyewe. Mtoto wa kiume alilalamika kidogo, kisha nikamsikia chumbani akinong'ona maneno kwa mama yake mpaka saa tatu usiku.

Mimi nilifunga mkoba wa afya. Kama unasafiri na mzee mwenye kisukari au presha, weka hivi:

- Dawa za siku nzima, na karatasi yenye majina ya dawa hizo na vipimo vyake.
- Kipimo cha sukari kama anacho, pamoja na juisi ndogo au pipi kwa ajili ya sukari ikishuka ghafla.
- Maji ya kunywa na kitafunwa kisicho kitamu sana, kama karanga au ndizi.
- Sweta na kitambaa cha kichwa. Upepo wa mtoni ni mkali hata jua likiwaka.
- Viatu alivyokwisha kuvizoea, na soksi zisizobana. Viatu vipya vya kupigia picha vibaki nyumbani.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asicheleweshewe mlo kwa sababu foleni ni ndefu au picha ni nzuri. Chakula kinapangwa kwanza, sanaa inafuata. Namba ya dharura ya Uingereza ni 999, iwekeni kwenye simu zenu mapema.

Saa 4 asubuhi: Tate Britain

Majumba yote mawili hufunguliwa saa 4 asubuhi, na saa ya kwanza ndiyo yenye utulivu. Tate Britain iko Millbank, upande wa kaskazini wa mto. Mlango mkubwa unaotazama mto una ngazi nyingi. Msipande. Zungukeni upande wa mtaa wa Atterbury, kuna mlango wa Manton usio na ngazi. Hapo unaweza kuomba kiti cha magurudumu au kigoda chepesi cha kukunja bila malipo. Bibi alikataa kiti cha magurudumu kwa maneno makali, lakini kigoda alikipenda, akakibeba kwapani kama mkoba.

Jumba hili lilifunguliwa mwaka 1897 mahali palipokuwa gereza. Aliyelijenga ni Henry Tate, tajiri wa viwanda vya kusafisha sukari aliyejulikana kwa kuuza sukari ya vipande vya mraba. Biashara ya sukari ya Uingereza ilikuwa imesimama juu ya jasho la watumwa wa Karibiani kwa miaka mingi kabla yake, na leo Tate wenyewe wanalizungumzia jambo hilo. Nilipomweleza bibi kuwa nyumba nzima imetokana na sukari, aliangalia dari ndefu, akasema, "Kumbe ndiyo hii iliyonimaliza."

Picha ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa kiume. Inaitwa "The Doctor", yaani daktari, na ilichorwa na Luke Fildes, ikaonyeshwa mwaka 1891. Ndani ya kibanda cha watu maskini, mtoto mgonjwa amelazwa kwenye viti viwili vilivyounganishwa. Daktari mwenye ndevu amekaa karibu naye, kidevu mkononi, anamtazama. Nyuma gizani mama ameinamia meza, baba amesimama na kumwekea mkono begani. Dirishani mwanga wa alfajiri unaanza kuingia. Mchoraji mwenyewe alikuwa amefiwa na mwanawe mdogo mwaka 1877, na alikumbuka jinsi daktari alivyokaa na mtoto yule.

Mwongozaji wetu alimfungulia bibi kigoda, akasimama pembeni, akaanza. "Mtoto ni mgonjwa. Baba na mama wana huzuni. Daktari ana... ana-wait."

"Anasubiri," bibi alisema.

"Daktari anasubiri."

"Anasubiri nini?"

Mtoto aliitazama tena picha. Kisha akajibu kwamba hajui, labda daktari hana dawa. Na ni kweli. Mwaka 1891 hakukuwa na antibiotiki hata moja. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's hapohapo London. Daktari wa picha ile angeweza kupunguza maumivu kidogo, kupoza homa kwa kitambaa, na kukaa. Bibi alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mjukuu wake alikaa naye sakafuni.

Picha ya pili ilikuwa ya binti wa miaka 6: "Ophelia" ya John Everett Millais, iliyokamilika mwaka 1852. Mwanamke mwenye gauni la thamani anaelea mtoni, maua yamemzunguka, mdomo wazi kidogo. Watoto huipenda kwa sababu ya maua, nami nina kisa cha afya cha kuwaongezea. Mwanamke aliyekuwa mfano wa mchoraji, Elizabeth Siddal, alilala kwenye beseni la kuogea lenye maji wakati wa baridi kali, maji yakipashwa moto kwa taa za mafuta zilizowekwa chini. Siku moja taa zikazimika. Mchoraji hakuona, mwanamke hakusema, akaugua kwa baridi, na baba yake akamdai Millais gharama za daktari. Binti wetu alikisimulia kwa bibi kwa vitendo zaidi kuliko maneno: alilala chini, akatetemeka, akapiga chafya. Mlinzi alitabasamu tu.

Picha ya tatu hatukuichagua. Tulipita vyumba vya J.M.W. Turner, ambako bahari na ukungu vimechanganyika mpaka hujui maji yanaishia wapi, na bibi akaonyesha kwa kidole mchoro wenye mashua. "Hii alfajiri ya Tanga," alisema. Wajukuu walitaka kujua Tanga ina ukungu wa namna hiyo lini. Akawaambia.

Saa 5 na robo tulikuwa nje, bibi akala ndizi na karanga, tukaenda chooni. Mzazi, choo kabla ya boti ni lazima, hata kama mtoto anaapa kwamba hahitaji.

Daladala ya majini

Gati la Millbank liko ng'ambo ya barabara, mkabala na jumba. Boti zinazopita hapo ni usafiri wa umma, watu huzipanda kwenda kazini. Unagusisha kadi ya benki au kadi ya usafiri ya Oyster, unapanda. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, na wakubwa kidogo wana nauli ya watoto. Zipo pia boti za watalii zenye msimulizi wa Kiingereza. Kwetu sisi msimulizi asingemsaidia bibi, na tulikuwa na wasimulizi wetu wawili tayari.

Kagua ratiba mapema, maana hazifuatani kama daladala za Kariakoo. Jambo la pili la kuangalia ni maji kupwa na kujaa. Katikati ya London kina cha Thames hupanda na kushuka karibu mita 7, na magati yanaelea. Maji yakipwa, daraja la kushukia gatini linakuwa na mteremko mkali. Mzee ashikwe mkono na apewe muda, msisukumwe na wenye haraka. Ndani kuna viti vya kutosha, choo na duka dogo la vinywaji. Mtoto anayepata kichefuchefu akae katikati ya boti, atazame mbali na aweke simu chini.

Safari ya Millbank hadi Bankside haizidi nusu saa. Upande wa kushoto jengo la Bunge linakuja haraka, pamoja na mnara wa saa wa Big Ben, na abiria wote wanahamia huko na simu zao. Nikawaeleza watoto kwamba mwaka 1858 wabunge walishindwa kukaa humo ndani. Mto huu ulikuwa mfereji wa kinyesi cha jiji zima, na joto la kiangazi lilifanya harufu isivumilike, wakaloweka mapazia kwenye dawa ili wapumue. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya wakazi. Miaka minne kabla, daktari John Snow alikuwa ameonyesha kwamba ugonjwa katika mtaa mmoja wa Soho ulitoka kwenye pampu ya maji, lakini wengi bado waliamini unasambazwa na harufu mbaya. Harufu ilipowafikia wakubwa, pesa ikapatikana mara moja, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mtandao wa mabomba ya majitaka. Mlipuko mkubwa wa mwisho wa kipindupindu London ulitokea mwaka 1866, katika eneo la mashariki ambalo lilikuwa bado halijaunganishwa.

Mwaka 1957 wanasayansi walisema Thames umekufa, hauna samaki. Leo una zaidi ya aina 100 za samaki, na mwaka 2025 jiji lilikamilisha bomba jipya la majitaka lenye urefu wa kilomita 25 chini ya mto. Kwetu sisi ambao kipindupindu bado kinatutembelea kila mvua zikizidi, safari hii ya boti ni somo la afya kwa watoto kuliko darasa.

Ukuta wa mioyo

Wakati watu wote wanatazama kushoto, upande wa kulia kuna hospitali ya St Thomas', ambako Florence Nightingale alianzisha shule yake ya wauguzi mwaka 1860. Mbele ya hospitali, juu kidogo ya maji, kuna ukuta mrefu wa karibu nusu kilomita wenye madoa mekundu. Ukisogea karibu unaona kuwa ni mioyo. Familia za waliofiwa na watu wa kujitolea walianza kuichora kwa mkono mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka 2021, moyo mmoja kwa kila mtu aliyekufa kwa Uviko-19 Uingereza. Imefika zaidi ya 200,000.

Mkaza mjomba alikuwa amechagua viti vya upande huo. Hakuniambia kwa nini, nami sikumuuliza. Boti ilipokuwa inapita, bibi aliuliza zile nyekundu ni nini. Akaelezwa.

"Na wetu yupo?"

"Yupo, Mama. Nilimwandika mwenyewe."

Bibi alitazama. Jina haliwezi kusomeka kutoka mtoni, lakini aliendelea kutazama mpaka ukuta ukaisha na daraja la Westminster likatufunika kivuli. Kisha akamvuta mjukuu wa kike karibu, akamwambia, "Mke mwenzangu, baba yako alikuwa mwoga wa maji, unajua? Kule Raskazone wenzake wanaruka, yeye amekaa juu ya jiwe anawalindia nguo."

Binti yule alikuwa na miaka miwili baba yake alipofariki. Aliuliza, kwa Kiswahili chake, "Baba alijua kuogelea?" Bibi akajibu kwamba alijua baadaye sana, na kwamba aliyemfundisha ni mama yake mwenye kijana huyu, yaani mama yangu. Hicho kisa hata mimi sikuwa nakijua. Kaka yake naye akasogea. Gurudumu kubwa la London Eye lilipita kulia, na ule mnara wa jiwe wa Misri wenye zaidi ya miaka 3,000 ukapita kushoto, hakuna aliyeinua kichwa. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya vyote viwili. Niliyaacha mfukoni.

Nawaambia wazazi jambo hili kwa sababu hutuliwazi vizuri na vikao vya kukaa uso kwa uso sebuleni. Kwenye boti watu wamekaa bega kwa bega, wote wanatazama nje, mikono haina kazi, na hakuna anayetakiwa kusema kitu. Kwa mtoto na kwa mzee, kuzungumzia msiba ni rahisi zaidi namna hiyo. Msiwalazimishe. Wapeni kiti na muda.

Baadaye bibi alimwambia mkaza mjomba kuwa siku nyingine angependa kwenda pale ukutani kwa miguu. Ukuta unafikika kwa njia ya watembea kwa miguu, kutoka daraja la Westminster au la Lambeth, na njia ni tambarare. Familia iliyofiwa iamue yenyewe kama inataka kupita mbali au kwenda kugusa. Kama mnajua kuna mtoto aliyefiwa, mwambieni kabla ya kupanda boti kwamba ukuta huo upo.

Mchana: Tate Modern

Bankside tulishuka na kula kwanza. Kando ya mto kuna mabenchi, nyasi na upepo, na chakula cha nyumbani ni nafuu mno kuliko cha mgahawani. Bibi alipima sukari, akala wali wake wa jana na samaki, akanywa dawa ya mchana. Tulikaa dakika 45 nzima.

Tate Modern ilifunguliwa mwaka 2000 ndani ya kituo cha zamani cha kufua umeme, chenye bomba la moshi la urefu wa mita 99. Aliyekisanifu, Giles Gilbert Scott, ndiye aliyesanifu pia daraja la Waterloo mlilopita chini yake na kile kibanda chekundu cha simu ambacho kila mtalii anapigia picha. Waambieni watoto wavitafute vyote vitatu. Wetu walifanya mashindano.

Hapa kanuni yangu ilikuwa sehemu moja tu: ukumbi wa mitambo, unaoitwa Turbine Hall. Ni mkubwa kama uwanja, kimo chake mita 35, na mlango wake wa magharibi ni mteremko mpana usio na ngazi. Watoto waliokuwa wakiambiwa "usiguse" tangu asubuhi wanaweza hapa kutembea kwa nafasi, kulala sakafuni na kuangalia juu. Kila mwaka msanii mmoja hupewa ukumbi huu. Mwaka 2010 Ai Weiwei kutoka China aliujaza mbegu milioni 100 za alizeti zilizotengenezwa kwa udongo wa kauri na kupakwa rangi kwa mkono. Watu walitembea juu yake siku chache tu, kisha jumba likazuia, kwa sababu msuguano wa miguu ulikuwa unatoa vumbi ambalo likivutwa kwa muda mrefu lingeweza kudhuru mapafu. Mimi hupenda kisa hicho kwa sababu waliochelewa walisikitika, lakini uamuzi ulifanywa mapema.

Kazi ya mwisho ya siku tuliitazama kwenye simu, tukiwa tumekaa. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake akafariki yeye akiwa bado mchanga, na mama yake akarudi naye Uingereza. Mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Turner, na mwishoni mwa 2021 kazi zake zilipewa maonyesho makubwa hapahapa Tate Modern. Tate wana picha yake ya mwaka 1991: wanawake wawili weusi ndani ya mashua baharini, kati yao rundo la ramani, na wao wanazichana. Mkaza mjomba ndiye aliyekuwa mwongozaji wa picha hiyo. Alisema maneno machache. Bibi akauliza, "Sasa bila ramani watafika?" Mjukuu wa kiume, ambaye bibi anamwita mume wangu, akamjibu: "Watauliza, Bibi." Neno hilo hakulikosea.

Saa 9 alasiri tulikuwa njiani kurudi.

Ratiba kwa ufupi

- Saa 4:00 asubuhi: Tate Britain, picha tatu, kigoda mkononi.
- Saa 5:15: kitafunwa, maji, choo.
- Saa 6:00 mchana: boti kutoka Millbank hadi Bankside.
- Saa 6:45: chakula na dawa, kupumzika bila haraka.
- Saa 7:45: Tate Modern, ukumbi mmoja na picha moja.
- Saa 9:00 alasiri: nyumbani.

Mkichelewa, punguzeni picha. Msipunguze chakula wala mapumziko. Mzee akilalamika kizunguzungu, jasho la baridi au kutetemeka, akae mara moja na sukari ipimwe. Kama ameshikwa na kifua, anapumua kwa shida au upande mmoja wa mwili umelegea, piga 999 na usisubiri mfike nyumbani.

Kwa tusio na tiketi ya ndege

Mpango huuhuu unafanya kazi hapa nyumbani. Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yako katikati ya jiji karibu na bustani ya mimea, na kivuko cha Magogoni hakiko mbali. Chagueni vitu vitatu, kila mtoto awe mwongozaji wa kimoja, kisha pandeni pantoni kwenda Kigamboni mkiwa mmekaa na mzee upande wa upepo. Epukeni saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Popote mtakapokuwa, siku hiyo ina kazi moja ya mwisho kabla ya kulala. Mvue mzee soksi, mwinulie miguu kwenye mto, na kagua nyayo zake kwa mwanga mzuri, pamoja na katikati ya vidole. Tafuta wekundu, lengelenge au mchubuko. Kama kuna jeraha, lioshwe na lionwe na mtaalamu wa afya kesho yake, hata kama haliumi. Watoto wanaweza kushika tochi.